Mche Hushikwa Jani

Alhamisi ilikuwa siku ya kitalu. Ikifika saa nane mchana, sufuria zimeoshwa na ng'ombe wamekatiwa majani, akina mama wa kijiji chetu walianza kuteremka mmoja mmoja kuelekea mtoni. Huyu ana jembe begani, yule ana debe tupu, na wengi walibeba viondo mgongoni, mkanda umekaza kwenye paji la uso, kama wanawake wa milima ya Nyeri walivyobeba mizigo tangu zamani. Mimi nilitoka shule mbio na daftari la mistari mkononi. Nilikuwa darasa la 6, katikati ya miaka ya 1980, na kazi yangu katika kikundi ilikuwa kuandika. Wengi wao, nyanya yangu akiwemo, hawakuwahi kukaa darasani. Kuhesabu walijua kunishinda. Walichotaka ni mtu wa kuiweka hesabu mahali isipotee.

Kitalu chenyewe kilikuwa kipande kidogo cha ardhi, hatua kama 30 kwa 15, kwenye mwinuko juu ya mto. Kilikuwa karibu vya kutosha mtu kuchota maji asichoke, na juu vya kutosha mto usikifikie ukifurika. Ua wa matawi ya miiba ulikizunguka, maana kuku na mbuzi ndio adui wa kwanza wa mche. Kuku mmoja akiingia saa saba mchana, kufikia saa nane ameshachakura kazi ya mwezi mzima. Katikati palikuwa na mti wa muringa wenye kivuli kipana, na hapo chini ndipo kikao kilipofanyika.

Kikao kilifunguliwa kwa sala, kisha mwenyekiti akaita majina. Waliitana kwa majina ya watoto wao wa kwanza, mama wa fulani na mama wa fulani. Wazee kama nyanya yangu waliitwa Cucu na kila mtu. Michango ilikusanywa, aliyefiwa akapewa pole, aliyejifungua akapangiwa siku ya kutembelewa. Lakini hakuna aliyeketi mikono mitupu. Rundo la udongo lilikuwa katikati ya duara na kila mama alikuwa na mifuko ya miche mapajani. Mtu akisimama kueleza kwa nini mchango wake umechelewa, vidole vyake viliendelea kujaza. Sikumbuki mahali ambapo kikao kiliishia na kazi ikaanza. Mwisho wa ajenda ulijulikana tu kwa kuwa mifuko imekwisha.

Mtindo huo haukuletwa na mgeni. Wakikuyu wana ngwatio, kazi ya zamu: leo sote tunapalilia kwako, kesho tunahamia kwangu. Na miaka ya 1960 na 1970, baadhi ya akina mama hao hao walikuwa katika vikundi vya mabati, wakichanga senti kwa senti na kumwezekea mwanachama mmoja baada ya mwingine, mpaka nyasi zikatoka juu ya nyumba zao. Kwa hiyo habari ya miti ilipofika, duara lilikuwa tayari. Ilibidi tu kubadilisha kilichowekwa katikati.

Habari hiyo ilitoka kwa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, huko huko Nyeri. Tarehe 5 Juni 1977, chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, yeye na wenzake walipanda miti 7 katika bustani ya Kamukunji, Nairobi, na kutokana na siku ile likakua Green Belt Movement. Maofisa wa misitu walioombwa kuwafundisha wanawake kuotesha miche walizungumzia mteremko wa ardhi, kina cha tuta na vifaa maalumu, mpaka wanawake wakashindwa kuona hayo yanahusianaje na mbegu. Maathai aliwaambia watumie akili zao wenyewe, kwani maisha yao yote wamekuwa wakipanda maharagwe na mahindi. Baadaye akawapa wanawake hao jina la maofisa wa misitu wasio na diploma. Kwa kila mche uliopandwa ukapona, kikundi kililipwa kiasi kilichoanza kama senti 4 za Marekani. Neno la kuangalia hapo ni ukapona. Nitalirudia, maana ndilo lililoifanya kazi ya bibi zetu kuwa ya uangalifu namna ile.

Kazi ilianza juu ya mti. Mti tuliouotesha kwa wingi ulikuwa mukima, ambao kwa Kiswahili huitwa mgrivea. Asili yake ni Australia, lakini umekaa milimani kwetu muda mrefu, kwenye mipaka ya mashamba na katikati ya kahawa, hata watu wameupa jina la nyumbani. Mbegu yake haimsubiri mtu. Tunda ni kiganda kidogo chenye umbo la mtumbwi na ncha nyembamba iliyochomoza, na ndani mna mbegu moja au mbili. Kikikauka mtini hupasuka, na mbegu, iliyo bapa na yenye utando mwembamba kama karatasi, huondoka na upepo. Ukiwahi sana, ni mbichi na haioti. Ukichelewa siku chache, umebaki na maganda matupu. Cucu, nyanya yangu, alikuwa na miti yake mitano aliyoichagua kwa kuwa ilinyooka, haikugawanyika matawi mapema, wala haikuwa na kidonda shinani. Kila asubuhi akienda kukama, alipita chini ya mmoja wao, akainua shingo, akaendelea na safari. Siku maganda yalipoanza kugeuka kutoka kijani kuwa kahawia, alituma kijana apande na panga, na magunia yakatandikwa chini.

Maganda yalianikwa kwenye gunia, kivulini, yakafunikwa kwa leso nyepesi. Leso hiyo nilidhani ni ya kuzuia ndege. Siku ya tatu nikasikia chini yake milio midogo, tap, tap, kama mtu anavunja vijiti mbali. Ni maganda yaliyokuwa yakipasuka, na leso ilikuwa ya kuzuia mbegu zisiruke. Muringa ulikuwa na njia nyingine: tunda lake lina utomvu unaonata kama gundi, na ilibidi kulisugua kwa mchanga na maji mpaka kokwa iwe safi. Mbegu za mti wa mukinduri ziliokotwa tu chini yake.

Udongo ulichanganywa kwa debe, si kwa kukadiria: madebe 3 ya udongo mweusi wa msituni, debe 1 la mchanga wa mtoni, debe 1 la samadi ya mbuzi iliyooza kabisa. Samadi mbichi huchoma mizizi, na Cucu aliijua iliyooza kwa kuinusa. Ikiwa bado ina harufu ya zizi, ilirudi shimoni. Vyote vilipitishwa kwenye chekeche la waya, mama wawili wakilitikisa kama wanaopembea mtoto, mawe na mizizi ikabaki juu. Kisha maji kidogo, na jaribio la ngumi. Alichota udongo, akaukamua kiganjani, akafungua mkono. Donge likisambaratika lenyewe, ni kavu au mchanga umezidi. Likibaki, aliligusa kwa kidole gumba. Likivunjika kwa mguso huo mmoja, udongo uko tayari. Lisipovunjika, mchanga uongezwe. Niliona jaribio hilo likirudiwa mara nne kwa rundo moja na hakuna aliyemwambia kwamba inatosha.

Mifuko myeusi ya plastiki tuliiita karatasi, na haikuwahi kutosha. Kwa hiyo sisi watoto tuliagizwa kukusanya pakiti tupu za maziwa ya Nyayo, zile za pembe tatu tulizopewa shuleni. Pembe moja ilikatwa, chini pakatobolewa kwa msumari, na chombo kikawa tayari. Kujaza kuna ufundi wake. Udongo huwekwa kwanza hadi thuluthi, unashindiliwa kwa vidole viwili mpaka kitako kikae, kisha mfuko unagongwa chini mara mbili, unajazwa tena, unagongwa tena. Mfuko uliojazwa kwa haraka huonekana sawa na mwingine, lakini ukiumwagilia, udongo hushuka na kuacha pengo, na mzizi ukifika kwenye pengo hukauka. Mama aliyekaa kando ya Cucu aliweza kujaza bila kutazama, macho yake kwa anayezungumza. Nilipoibonyeza mifuko yake mmoja baada ya mwingine, yote ilikuwa na ugumu uleule. Ilipangwa safu za kumi kumi, wima, imebanana ili isianguke, na kingo za udongo zikainuliwa kuizunguka. Ndiyo maana hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Nilihesabu safu tu.

Mbegu hazikupandwa moja kwa moja mifukoni. Zililala kwanza kwenye tuta lililoinuliwa shubiri moja, udongo wake laini kama unga wa uji. Mwezi wa Septemba, ili miche iwe na kimo cha kutosha mvua ya njahi itakapokuja Machi au Aprili, Cucu alichora mistari kwa ukingo wa ubao, kina chake pingili ya kwanza ya kidole. Alizilaza mbegu bapa, moja moja, hazigusani. Juu akanyunyiza mchanga uliochekechwa, mwembamba kiasi cha kuificha mbegu tu, kisha nyasi kavu. Maji yalitoka kwenye kopo la mafuta ya Kimbo lililotobolewa matundu mengi kwa msumari mwembamba. Alilishika juu, mkono ukitembea, matone yakashuka kama manyunyu. Asubuhi na jioni. Baada ya hapo ni kungoja.

Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili hakuna kitu, na wanachama wapya walianza kunong'ona kwamba mbegu zilikuwa bovu. Cucu alikuja kila asubuhi, akainamisha mgongo, akafunua nyasi kwa vidole kama anayemfunua mtoto aliyelala, akatazama, akafunika. Siku moja katika wiki ya nne hakufunika. Aliniita kwa mkono. Palikuwa na nyuzi za kijani kibichi zimejipinda, nyingine bado zimebeba utando wa mbegu kichwani. Nyasi hazikuondolewa saa ile. Zilitolewa jioni, jua likiisha makali, na juu ya tuta kikajengwa kichanja cha vijiti na kuezekwa kwa majani ya migomba.

Sasa ije siku ya kuhamisha, ambayo kwangu ndiyo kazi yenyewe. Mche ukiwa na majani yake mawili au matatu ya kweli hutolewa tutani na kutiwa mfukoni, na hapo ndipo wengi hufa. Cucu alichagua Alhamisi ya mawingu. Tuta lilinyweshwa maji mapema, likaachwa yazame. Mfukoni pia maji. Kisha akaketi chini, miguu ameinyoosha, beseni lenye maji kidogo upande wa kushoto, jani la mgomba juu ya beseni. Kijiti chake kilikuwa cha mti mgumu, unene wa penseli, kimechongwa ncha butu na kung'aa kwa miaka ya kushikwa.

Alikichomeka kando ya mche, si karibu sana, akakiinamisha ili udongo uinuke kutoka chini. Udongo ulipolegea, alishika mche kwa jani, kidole gumba na cha shahada, akauinua. Hakuvuta. Aliungoja ujiachie. Mzizi ulitoka mweupe, mrefu kuliko mche wenyewe, na moja kwa moja ukaingia kwenye beseni, chini ya kivuli cha jani la mgomba. Mzizi haukuonja jua hata kwa muda wa kupumua. Alitoa miche kumi tu, kisha akaacha, akaanza kuipanda. Hakutoa mia moja ili apande mia moja.

Katikati ya mfuko alitoboa shimo kwa kijiti kilekile, akalipima kina kwa jicho kulinganisha na mzizi. Mzizi ukizidi urefu, ncha yake ilikatwa kwa ukucha, kwa sababu mzizi uliojikunja kama ndoana hubaki hivyo maisha yote, na mti wake huanguka kwa upepo baada ya miaka kumi, mwenyewe asijue kwa nini. Aliushusha mche chini kidogo kuliko inavyopasa, halafu akauinua taratibu mpaka shingo ikawa sawa na udongo. Katika kule kuinua ndiko mzizi ulikonyooka. Kisha akachomeka kijiti kando, akasukuma udongo kuelekea mzizi, kutoka chini kwenda juu. Mwisho alilivuta jani kidogo, kama mtu anayegusa nguo ya mwenzake kumwita. Mche ulipokataa kutoka, alienda kwa mwingine.

Niliomba nijaribu, na akaniachia safu moja. Nilifanya haraka na nikajisifu moyoni. Niliishika miche kwa shina, kwa sababu shina ndilo lililoonekana imara. Alhamisi iliyofuata safu yangu ilikuwa imelala chini, kila shina lina alama nyeusi mahali vidole vyangu vilipobana. Hakuna aliyenigombeza. Cucu aliokota mmoja, akaniwekea kiganjani.

"Jani likikatika, mche utaota jingine," akasema. "Shina unalo moja tu."

Kisha akaniambia nifungue daftari, nitoe kumi kwenye hesabu. Nilitoa, na mkono wangu ulikuwa mzito. Ipo mingine iliyokufa bila kosa la mtu. Kila msimu ulikuja ugonjwa wa kuozesha shingo, ambapo miche midogo huanguka kama iliyokatwa kwa uzi. Dawa yao ilikuwa kupunguza maji, kufungua kivuli hewa ipite, na kung'oa iliyougua na udongo wake. Hayo yote yaliandikwa. Daftari lile lilikuwa na safu mbili, iliyo hai na iliyokufa, na akina mama walipenda kusomewa zote mbili.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kuufanya mche uwe mgumu. Kila wiki kadhaa mifuko iliinuliwa mmoja mmoja, na mizizi iliyopenya chini ikakatwa kwa kisu, ama sivyo ingeingia ardhini na mche ungevunjika moyo siku ya kuhama. Magugu yalitolewa kwa mkono. Majani ya mgomba kwenye kichanja yalipunguzwa kidogo kidogo, jua likaingia kwanza kama vitone, kisha kama vipande, kisha lote. Maji ya mara mbili kwa siku yakawa mara moja, kisha mara moja kwa siku mbili. Mara nyingine niliona majani yakilegea mchana nikachukua kopo, na Cucu akatikisa kichwa. Shambani hakuna atakayeubebea kopo.

Mashimo yalichimbwa Februari, ardhi ikiwa kavu, sentimita 60 kwenda chini na 60 upana. Udongo wa juu uliwekwa upande wake, wa chini upande wake, na mashimo yakaachwa wazi. Mvua ya kwanza ilinyesha, kila mtu kijijini akakimbilia kupanda mahindi, lakini akina mama wa kitalu hawakutoa hata mche mmoja. Walingoja ya pili na ya tatu. Cucu aliingiza mkono shimoni, akachimba mpaka kiwiko, akautoa na kuutazama. Unyevu ulipofika huko ndipo wilbaro zilipopakiwa. Udongo wa juu ulitangulia shimoni pamoja na samadi, karatasi ikachanwa na kuondolewa bila donge kuvunjika, mche ukasimamishwa, ukazungushiwa udongo, ukashindiliwa kwa nyayo tupu. Karatasi zote zilihesabiwa zirudi nyumbani.

Baada ya miezi mitatu tulirudi shamba hadi shamba. Hiyo ndiyo ziara iliyoamua malipo, na ilikuwa rahisi kudanganya, maana anayehesabu alikuwa mtoto. Akina mama walitembea mbele yangu, wakisimama kwenye kila mche, wakitaja kwa sauti ya juu: mzima, mzima, umekufa, mzima. Mwenye shamba alisikia pamoja nasi. Kwenye mpaka wa mwisho wa siku moja, karibu na njia ya ng'ombe, tulifika kwenye mukima uliokuwa kijiti kitupu, hauna hata jani. Niliweka kalamu kwenye safu ya iliyokufa.

Cucu akanizuia mkono. Alipiga magoti, akachagua sehemu ya chini ya shina, akaikwaruza kwa ukucha wa kidole gumba, mkwaruzo mdogo usiozidi punje ya mchele. Chini ya gamba la kahawia palikuwa na kijani kibichi. Akaulundikia udongo kidogo, akaegemeza jiwe upande wa njia, akainuka na kukung'uta magoti.

"Andika," akasema. "Mzima."